Kila kosa lina ukoo: makosa ya kukompaili programu kwenye Linux yametoka wapi?

Kama umewahi kujenga programu kwenye Linux kutoka kwenye msimbo chanzo wake, basi unaijua mistari hii mitatu:

./configure
make
sudo make install

Kwenye maelekezo inaonekana rahisi kama kuchemsha chai. Kwenye terminali yako mambo huwa mengine. Skrini inajaa maandishi, yanapita kwa kasi, halafu yanasimama kwenye neno moja: Error. Mwanafunzi wa jenetiki aliyetaka tu kulinganisha mifuatano ya DNA, au wa hali ya hewa aliyetaka kuendesha modeli ya mvua, anajikuta amekwama siku mbili kwenye kitu ambacho si utafiti wake kabisa. Wengine huishia hapo hapo. Wanabadilisha mada, au wanatumia toleo la zamani walilolikuta kwenye seva ya idara, hata kama lina kasoro zinazojulikana.

Makosa haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Kila moja lina ukoo. Nyuma yake kuna mtu fulani, mashine fulani na uamuzi fulani, mara nyingi wa miaka 30 au 50 iliyopita, ambao wakati ule ulikuwa na akili kabisa. Twende nao mmoja mmoja kwa mpangilio uleule ambao kompyuta yako inapita. Tukifika mwisho utaona kwamba suala hili si la usumbufu peke yake: mwaka 2024 kosa dogo la kukompaili, lililowekwa kwa makusudi, lilikuwa sehemu ya njama iliyokaribia kufungua milango ya seva duniani kote.

Kwa nini tunakompaili?

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell, Marekani. Mwanzoni uliandikwa kwa lugha ya asembli, ambayo imefungamana na aina moja ya mashine kama ndoa ya Kikatoliki. Ukibadilisha mashine, unaandika upya. Dennis Ritchie akatengeneza lugha ya C, na mwaka 1973 kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Kuanzia hapo ikawezekana kuuchukua mfumo mzima na kuuhamishia kwenye mashine nyingine, mradi mashine hiyo ina kompaila ya C.

Hapo ndipo mkataba wetu ulipoandikwa. Msimbo unasafiri, lakini kila anayeupokea lazima aujenge upya kwake. Na ujenzi wenyewe una hatua. Kwanza mafaili ya heda yanaingizwa mahali yanapotajwa. Pili, kompaila inageuza kila faili la C kuwa faili la vipande vya lugha ya mashine, lenye mwisho wa .o. Tatu, linka, yaani kiunganishi, inavikusanya vipande hivyo pamoja na maktaba kuwa programu moja. Nne, siku unayoiendesha, kuna kipakiaji kinachotafuta maktaba za pamoja na kuziweka kwenye kumbukumbu. Shika hatua hizi nne. Karibu kila kosa utakalokutana nalo ni la hatua moja kati ya hizo, na ujumbe wake unakuambia ni ipi kama unajua lugha yake.

Asubuhi iliyopotea

Mwaka 1976, palepale Bell, Steve Johnson (yule aliyeandika yacc) aliingia ofisini kwa Stuart Feldman akiwa amefura kwa hasira. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kasoro kwenye programu ambayo haikuwa na kasoro. Alikuwa ameshaisahihisha, ila faili lililosahihishwa halikukompailiwa upya, kwa hiyo alikuwa anaendesha programu ya zamani huku akisoma msimbo mpya. Feldman naye jioni iliyotangulia alikuwa amepambana na balaa hilohilo. Wikiendi hiyo akaandika make.

Wazo lake ni rahisi sana. Unaandika kwenye faili linaloitwa Makefile kwamba kitu hiki kinategemea vitu vile, na kinatengenezwa kwa amri hii. Make inalinganisha saa za mafaili. Kama msimbo umebadilishwa baada ya faili lake la .o kutengenezwa, inakompaili upya. Kama haujabadilishwa, inaruka. Mwaka 2003 chama cha ACM kilimpa Feldman tuzo yake ya mifumo ya programu kwa kazi hiyo ya wikiendi.

Sasa angalia makosa mawili ambayo yametoka hapo moja kwa moja. La kwanza:

Makefile:12: *** missing separator.  Stop.

Hili linawachanganya wengi, kwa sababu mstari wa 12 unaonekana sawa kabisa kwa macho. Tatizo ni kwamba amri kwenye Makefile lazima ianze na alama ya Tab, siyo nafasi nane, hata kama kwenye skrini vinafanana. Kwa nini? Feldman alikuwa anajaribu zana mpya ya wakati ule iitwayo Lex, ikamtatiza, akaamua kuchukua njia ya mkato: mstari mpya ukifuatiwa na Tab, basi hiyo ni amri. Ikafanya kazi. Wiki chache baadaye alikuwa na watumiaji kama dazeni hivi, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwaharibia Makefile zao. Basi. Kwa kuwaonea huruma watu kumi na wawili, Tab ikawa tabu ya dunia nzima kwa karibu nusu karne. GNU make ilikuja kuruhusu alama nyingine kuanzia toleo la 3.82 la mwaka 2010, lakini kwa kawaida Tab bado ndiyo sheria. Ukinakili Makefile kutoka kwenye PDF au kwenye WhatsApp, Tab hugeuka nafasi, na kosa linazaliwa.

La pili ni onyo linalosema saa imepishana:

make: warning:  Clock skew detected.  Your build may be incomplete.

Make inaamini saa. Kama kompyuta yako ni ya zamani na betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa, kila ukiwasha inarudi miaka mingi nyuma. Mafaili uliyoyapakua yanakuwa "ya kesho", na make haielewi nini ni kipya na nini ni cha zamani. Hapo usiguse msimbo. Rekebisha saa, kisha endesha make clean na uanze upya.

Kila mashine na kabila lake

Miaka ya 1980 Unix ilikuwa imetawanyika. Kulikuwa na Unix ya Berkeley, kulikuwa na System V ya AT&T, na kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na tawi lake. Zote zinaitwa Unix, lakini huku kitendakazi kinaitwa hivi, kule kinaitwa vile. Huku faili la heda lipo, kule halipo. Kama lahaja za Kiswahili: wa Lamu na wa Unguja wanaelewana, mpaka pale neno moja linapomaanisha vitu viwili.

Mwandishi wa programu alikuwa na kazi mbili: kuiandika, na kumweleza kila mtumiaji jinsi ya kuirekebisha kwa mashine yake. Larry Wall, ambaye baadaye aliunda lugha ya Perl, alisambaza programu yake ya rn pamoja na skripti iitwayo Configure, iliyochunguza mashine na kumuuliza mtumiaji maswali. Kisha Juni 1991, David MacKenzie, aliyekuwa anatunza zana nyingi za GNU, alichoka. Mtumiaji alitakiwa achague mwenyewe kama swichi 20 hivi ndani ya Makefile kabla ya kukompaili. MacKenzie akaanza kuandika skripti za kuchunguza mashine zenyewe bila kumsumbua mtu, na kutoka hapo ikazaliwa Autoconf, zana inayotengeneza hilo faili la configure unaloliendesha.

Unajua configure inachunguzaje? Haina orodha ya mashine. Inaandika programu ndogo ya mistari michache, inajaribu kuikompaili, halafu inaangalia. Ikikubali, inaandika "yes". Ikikataa, inaandika "no". Yale maandishi yote yanayopita, checking for hiki, checking for kile, kila moja ni jaribio dogo. Kwa hiyo configure ni mashine inayotumia makosa ya kukompaili kama maswali. Kumbuka sentensi hii, tutairudia.

Kosa lake maarufu ni hili:

configure: error: C compiler cannot create executables

Ukisoma hivyo hivyo utadhani kompaila yako imeharibika. Pengine ndiyo, pengine siyo. Huenda haipo kabisa, huenda mafaili ya heda ya maktaba ya C hayapo, huenda kuna swichi mbaya kwenye CFLAGS uliyoiweka wiki iliyopita ukasahau. Ukweli uko kwenye faili liitwalo config.log, ndani ya folda hiyohiyo. Humo kuna kila programu ndogo iliyojaribiwa na jibu kamili la kompaila. Lifungue, tafuta neno error, usome kuanzia hapo. Watu wengi hawalifungui kwa sababu ni refu. Lakini liliwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Maktaba ipo, heda haipo

Linus Torvalds alipotangaza Linux Agosti 1991, alisema tayari ameihamishia kompaila ya GCC, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987, pamoja na ganda la bash. Bila GCC pasingekuwa na Linux ya kuzungumzia. Watumiaji wa mwanzo kabisa walikuwa wote ni wakompailaji. Mtu asiyeweza kukompaili hakuwa na la kufanya humo.

Halafu zikaja distro. Slackware na Debian zote zilianza mwaka 1993, na zikaleta wazo la paketi: mtu mmoja anakompaili, maelfu wanapakua kilicho tayari. Hapo watumiaji wakagawanyika makundi mawili. Kuna wanaoendesha programu tu, na kuna wanaozijenga. Anayeendesha anahitaji maktaba yenyewe. Anayejenga anahitaji pia mafaili ya heda, yale yanayomweleza kompaila ndani ya maktaba mna nini. Kwa kuwa wengi ni wa kundi la kwanza, Debian na ndugu zake walitenganisha: heda zikawekwa kwenye paketi ya pembeni yenye mwisho wa -dev. Kwa upande wa Red Hat na Fedora, mwisho huo ni -devel.

Ndiyo maana unapata hili:

fatal error: zlib.h: No such file or directory

na unashangaa, maana zlib umeshaiona kwenye mfumo wako kwa macho yako. Ndiyo, maktaba ipo. Heda haipo. Kwenye Debian na Ubuntu unahitaji zlib1g-dev, kwenye Fedora zlib-devel. Kama hujui paketi inaitwaje, uliza kwa jina la faili: apt-file search zlib.h upande wa Debian, dnf provides '*/zlib.h' upande wa Fedora. Na kama programu unayoijenga imeshawahi kuwekwa kwenye distro yako hata kwa toleo la zamani, amri ya apt build-dep, mradi umeruhusu vyanzo vya deb-src, itakuletea karibu kila kitu kwa mkupuo mmoja. Jaribu hiyo kabla ya kuhangaika na heda moja moja.

Linka husoma kutoka kushoto

Umevuka kompaila, sasa unakutana na hili:

undefined reference to `sqrt'

Lugha imebadilika, umeona? Hakuna namba ya mstari yenye kosa la sarufi. Hapa anaongea linka, na anachosema ni: kuna kipande kimeahidi kwamba kitendakazi sqrt kipo mahali fulani, mimi nimekitafuta sikukiona. Kwenye Unix maktaba ya hesabu imekaa peke yake tangu zamani, mbali na maktaba ya C, na lazima uiite kwa -lm.

Lakini kuna mtego wa pili. Unaweza kuiita na bado ukakwama, kwa sababu umeiita mapema mno. Kwa maktaba za aina ya .a, linka kwa desturi yake huzipitia mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Anapofika kwenye maktaba, anachukua vile tu ambavyo mpaka wakati huo vimeshadaiwa. Vingine anaviacha na harudi nyuma. Fikiria mtu anayepita sokoni mara moja na orodha mkononi: kama kitunguu hakijaandikwa kwenye orodha anapopita kwa muuza vitunguu, basi leo mtakula bila kitunguu. Ni desturi ya enzi ambazo kumbukumbu ya kompyuta ilipimwa kwa kilobaiti, na kupita mara moja ilikuwa ni kuokoa muda na nafasi.

Maktaba za pamoja, za .so, hazikuwa na ukali huo kwa muda mrefu. Kisha Ubuntu 11.10 ya mwaka 2011 ikawasha swichi ya --as-needed kama kawaida yake, inayoacha maktaba yoyote isiyodaiwa. Maelekezo mengi yaliyoandikwa kabla ya hapo, yenye -l mbele ya jina la faili, yakaanza kukataa. Msimbo ni uleule, amri ni ileile, kompyuta mpya. Kwa hiyo kanuni ni hii: mafaili yako kwanza, maktaba mwisho, na maktaba inayotegemea nyingine itangulie ile inayoitegemea.

Imejengwa, lakini haiwaki

Kuna wakati make inamaliza salama, unashangilia, unaendesha programu, halafu:

error while loading shared libraries: libfoo.so.1: cannot open shared object file

Hii ni hatua ya nne, ya kipakiaji. Linux ya mwanzo ilitumia muundo wa faili uitwao a.out, ambao kwa maktaba za pamoja ulikuwa taabu tupu: kila maktaba ilitengewa anwani yake maalumu kwenye kumbukumbu, kama viwanja vilivyopimwa, na mtu alipaswa kuratibu nani amechukua wapi. Katikati ya miaka ya 1990 Linux ikahamia muundo wa ELF, unaoruhusu maktaba kupakiwa popote penye nafasi. Kuhama kulikuwa na maumivu yake, lakini a.out ilikufa taratibu mpaka ikaondolewa kabisa kwenye kiini cha Linux mwaka 2022.

Uhuru huo una masharti: kipakiaji lazima kijue pa kutafuta. Hakizunguki diski nzima. Kinaangalia njia chache na daftari lake, /etc/ld.so.cache. Ukifanya make install, maktaba yako kwa kawaida huenda /usr/local/lib, lakini daftari halijaandikwa upya. Endesha sudo ldconfig, na mara nyingi tatizo linaisha hapo. Kama si wewe mwenye seva na huna ruhusa ya sudo, weka folda yako kwenye LD_LIBRARY_PATH. Na amri ya ldd ikifuatiwa na jina la programu itakuonyesha ni maktaba gani hasa inasomeka "not found".

Kompaila ikibadili msimamo

Aina ya mwisho ndiyo inayowaumiza zaidi watafiti. Programu ya kisayansi ya mwaka 2005, iliyofanya kazi miaka 15, leo inakataa. Hakuna aliyeigusa. Kilichobadilika ni kompaila.

Lugha ya C ya zamani ilikuruhusu kuita kitendakazi ambacho hujakitambulisha. Kompaila ilikisia tu kwamba kinarudisha namba nzima. Kiwango cha C99 kiliondoa ruhusa hiyo, lakini GCC kwa upole ikaendelea kutoa onyo tu. Upole huo ulidumu robo karne. GCC 14, iliyotoka Mei 2024, ndiyo iliyogeuza onyo kuwa kosa: implicit declaration of function. Kabla yake, GCC 10 ya mwaka 2020 ilileta mabadiliko mawili. Kwa C, kigeu cha jumla kilichotangazwa kwenye heda bila neno extern kikaanza kuleta multiple definition. Kwa Fortran, kuita kitendakazi kimoja kwa hoja za aina tofauti, jambo la kawaida kwenye msimbo unaotumia MPI, kukawa kosa la type mismatch.

Kuna swichi za kurudisha desturi ya zamani: -fcommon kwa lile la C, -fallow-argument-mismatch kwa lile la Fortran, na -Wno-error=implicit-function-declaration kwa lile la GCC 14. Zitakusogeza mbele leo. Lakini zielewe vizuri. Kompaila iliacha kukisia kwa sababu makisio yake yalikuwa yanazalisha programu zinazoendeshwa vizuri na kutoa majibu ya uongo. Kitendakazi kinachorudisha anwani ya biti 64, kikichukuliwa kwamba kinarudisha namba ya biti 32, kinakata nusu ya jibu bila kelele. Kama matokeo ya tasnifu yako yanatoka kwenye programu hiyo, afadhali kelele.

Kosa lililotegwa

Tuirudie ile sentensi: configure hutumia makosa ya kukompaili kama maswali. Jaribio likishindwa, jibu ni "no", na maisha yanaendelea. Hakuna anayeuliza lilishindwa kwa nini.

Kuna mtu aliyelielewa hilo vizuri. xz ni programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kwenye kila distro. Kwa miaka kama miwili, mtu aliyejiita Jia Tan, jina linaloaminika kuwa la bandia, alichangia msimbo mzuri mpaka akaaminiwa kuwa mtunzaji. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ya mwanzoni mwa 2024, yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Msimbo wenyewe haukuonekana kwenye hazina ya wazi ambayo watu huisoma. Ulifichwa kwenye mafaili yaliyofanana na data ya majaribio, na ufunguo wa kuufungua ulikuwa kwenye faili la build-to-host.m4, moja ya mafaili yanayozalisha configure, ndani ya furushi la kupakua tu. Ukiendesha configure na make kwenye mazingira fulani, mlango unajijenga wenyewe ndani ya maktaba, na kwa baadhi ya distro ukafika hadi kwenye huduma ya SSH.

Na lile kosa? Xz inaweza kujengwa pia kwa CMake, ambayo nayo huuliza maswali kwa njia ileile. Kwenye jaribio la kuangalia kama kinga iitwayo Landlock ipo, paliwekwa nukta moja ya ziada. Nukta hiyo ni kosa la sarufi ya C, kwa hiyo jaribio lilishindwa kwenye kila mashine duniani, jibu likawa "no", na kinga ikazimwa kimyakimya. Nukta moja tu.

Aliyegundua ule mlango wa siri ni Andres Freund, mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na zana ya valgrind inalalamika. Wengi tungesema mtandao leo mbaya. Yeye alifuatilia mpaka kwenye mzizi, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia umma, kabla matoleo hayo hayajaenea kwenye distro za kawaida zenye watumiaji wengi. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alikuwa ameonya kuhusu jambo la jamii hii kwenye hotuba yake ya tuzo ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984: unaweza kusoma msimbo wote ukauona safi, na ubaya ukawa umekaa kwenye zana inayoujenga. Juhudi kama Reproducible Builds, iliyoshika kasi ndani ya Debian kuanzia 2013, zinataka watu tofauti wakikompaili chanzo kilekile wapate faili lilelile biti kwa biti, ili udanganyifu wa namna hiyo uonekane.

Kwa hiyo, ukikwama

Soma kosa la kwanza, siyo la mwisho. Mengi yanayofuata ni watoto wake. Kama make inaendesha kazi nyingi kwa pamoja, irudishe kwenye -j1 ili maandishi yaje kwa mpangilio. Jiulize anayeongea ni nani: make, configure, kompaila, linka au kipakiaji? Kisha angalia tarehe: maelekezo unayoyafuata ni ya mwaka gani, na kompaila yako ni ya mwaka gani? gcc --version itakujibu. Na kila jaribio la configure linalosema "no" mahali ulipotegemea "yes", fungua config.log ulione kwa macho.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwenye kazi hii naona koleo lililovunjika ndilo lenye habari zaidi. Vipande vyake vinaonyesha lilitengenezwaje, na mara mojamoja, kama ilivyokuwa kwa Freund, vinaonyesha kwamba kuna mtu amelikata kwa msumeno.